Nilipanda bure, nikanyamaza

Mshale wa spidi ulikuwa umepita 140. Jua lilikuwa mbele yetu, limebaki kipande chekundu, na vumbi la kwenye kioo liliwaka hivi kwamba barabara ilikuwa ikionekana na kupotea. Ng'ombe wa kwanza alikuwa pembeni. Wa pili alisimama katikati ya lami, ametupa ubavu, na dereva alimkwepa kwa mkono mmoja kwa sababu mkono wa pili ulikuwa na simu.

Garini kimya.

Kisha mama aliyekaa nyuma yangu, ambaye nilidhani amelala tangu Divundu, kaskazini mwa Namibia, akasema jambo kwa Silozi, lugha ya huko, halafu akalirudia kwa Kiingereza, nadhani ili na mimi nisikie. Alisema kwa utulivu wa mtu anayeagiza chumvi dukani: "Ndate (baba), mimi nimelipa nifike Rundu. Sikulipa nifike mochwari."

Dereva akacheka. Akaweka simu kwenye dashibodi, akashuka hadi 90, safari ikaendelea.

Mimi ndiye niliyekuwa kiti cha mbele. Yule ng'ombe nilimwona kabla ya dereva. Mguu wangu ulikanyaga breki ambayo haikuwapo, na mdomo wangu ukabaki umefungwa.

Ni wiki kadhaa sasa tangu nirudi Mbeya. Mengi ya safari ile yameanza kufifia, lakini hili limegoma. Nikiwa naosha vyombo linakuja. Nikiwa kwenye daladala linakuja. Ng'ombe nimeshamsamehe. Ukimya wangu ndio sijaupatia maelezo.

## Nchi kubwa, watu wachache

Sitawachosha na habari za Tunduma na foleni yake, mnaijua. Mpango ulikuwa kufika Windhoek kwa njia ya nchi kavu kwa pesa ndogo kadiri inavyowezekana: mabasi pale yalipo nafuu, lifti pale yalipo ghali. Zambia niliimaliza hivyo. Nikatoka Livingstone nikaenda Sesheke, nikavuka Zambezi kwenye daraja lililofunguliwa mwaka 2004, nikagongewa muhuri, nikawa Katima Mulilo, pembe ya mbali kabisa ya Namibia.

Windhoek ilikuwa bado kilomita 1,200 hivi.

Hapo ndipo hesabu za nchi ile zinapokupiga usoni. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 820,000, haiko mbali sana na Tanzania kwa ukubwa. Watu wake, kwa sensa ya 2023, ni milioni tatu na kidogo. Dar es Salaam peke yake, kwa sensa yetu ya 2022, ilikuwa na watu zaidi ya milioni tano. Sasa jaza basi la abiria katika nchi ya namna hiyo. Reli haifiki Katima wala Rundu, inaishia Grootfontein. Basi kubwa lipo, ila si la kila siku, na nauli yake ilinifanya nirudishe pochi mfukoni.

Kwa hiyo watu husimama barabarani. Muuguzi anayerudi kazini anasimama. Askari aliyetoka likizo anasimama na begi lake la kijani. Mwanafunzi anasimama na godoro. Mama mwenye ndoo ya samaki wakavu wa Zambezi anasimama, na wote wanaita jambo hilo "hike", neno ambalo kwenye vitabu vya watalii lina maana ya kupanda milima.

Mimi nilifika pale nikidhani nimegundua njia ya kusafiri ya kijanja. Nikakuta ndiyo njia ya wananchi wote.

## Bei inajulikana

Aliyenifundisha taratibu ni binti mmoja wa chuo, kwenye kituo cha mafuta cha kutokea mjini. Alinitazama nikiwa nimesimama na kidole gumba hewani, akanionea huruma.

"Shusha mkono," aliniambia. "Dereva akija, msalimie, muulize anaenda wapi, muulize bei. Ukipanda bila kuuliza bei, mtagombana mkifika."

Bei yenyewe hukaribiana na ile ya kombi. Hakuna anayeona aibu kuitaja. Petroli ni ya kununua, kilomita ni nyingi, na mwenye gari anayekwenda Windhoek na viti vitatu vitupu anapoteza pesa asipobeba mtu. Kisheria, kubeba abiria kwa malipo kunahitaji kibali, ndiyo maana mkikaribia kizuizi cha polisi garini nyote hugeuka binamu. Nilikuwa binamu wa watu wengi wiki ile.

Upande wa pili wa barabara walikuwapo vijana wawili wa Ulaya wenye kipande cha boksi kilichoandikwa WINDHOEK kwa kalamu nene. Magari yalikuwa yakisimama kwao, na kusema kweli yalisimama kwao kuliko kwetu. Kioo kinashuka, wanaongea, wanacheka, kisha gari linaondoka bila wao. Baada ya la tatu mmoja alivuka akaja kutuuliza, kwa uchungu wa kweli, kwa nini kila mtu hapa anataka pesa. Kwao lifti ni lifti kwa sababu haina malipo. Ikishalipiwa ni teksi.

Binti wa chuo alimjibu kwa adabu. Alipoondoka akanigeukia: "Wanadhani petroli tunachota mtoni."

Nilicheka sana. Nilicheka huku nikijua kwamba moyoni, mpaka asubuhi ile, nilikuwa upande wa wale wazungu. Stori ya kusafiri bure ina utamu wake. Ukirudi nyumbani unaisimulia, watu wanakuona jasiri. Nani anasimulia kwamba alilipa nauli akafika?

## Kongwa

Gari lililonichukua lilikuwa Hilux dabo kebini nyeupe. Dereva, mtu wa makamo, kofia, tumbo la heshima. Ndani tayari kulikuwa na mama mmoja nyuma na kijana mmoja mbele. Nikasalimia, nikauliza bei, nikatajiwa, nikakubali, nikaanza kufungua mlango wa nyuma.

"Unatoka wapi wewe? Kiingereza chako si cha hapa."

"Tanzania."

Akazima injini.

Sijawahi kuona jina la nchi yangu likifanya kazi namna ile. Alishuka, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akamwambia kijana wa mbele ahamie nyuma. Kijana akahama bila neno. Mzee wake, alisema, alikaa Kongwa. Alitoroka Caprivi, kama ukanda huu ulivyoitwa, akiwa kijana katika miaka ya 1960, akavuka kwenda Zambia, akafika Tanzania, akafundishwa kushika bunduki huko. Alirudi nyumbani baada ya miaka mingi akiwa na maneno matatu ya Kiswahili ambayo watoto wake wote walirithi: asante, ndugu, haraka.

Nilipotoa pesa akanirudishia mkono. "Tanzania ilishalipa."

Kwa sisi wa umri wangu Kongwa ni Kibaigwa, na Kibaigwa ni mahindi. Unapita na basi la Dodoma, unaona magunia, unalala tena. Shuleni tulisoma kwa mistari miwili kwamba Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Kwamba Sam Nujoma, kiongozi wa SWAPO aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Namibia, aliishi Dar, kwamba pale Kongwa, kwenye majengo ya mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa, walikaa wapiganaji wa SWAPO ya Namibia, wa FRELIMO ya Msumbiji, wa ANC ya Afrika Kusini na wengine, tulijibu kwenye mtihani tukasahau. Wapiganaji wa SWAPO waliopambana mara ya kwanza na vikosi vya Afrika Kusini, iliyoitawala Namibia wakati huo, kule Omugulugwombashe, Agosti 26, 1966, walikuwa wamepitia huko.

Kwa mtu yule haikuwa historia. Ilikuwa ni baba yake.

Nami nikakaa mbele, kwenye kiti cha kijana aliyelipa, kwa ajili ya jambo lililofanywa na watu waliozaliwa kabla yangu, mahali ambapo mimi nimepaona kupitia dirisha la basi.

## Nauli ya maneno

Nikaanza kulipa baada ya kilomita chache tu.

Alitaka habari za Nyerere. Nikampa nilizonazo. Alitaka kujua kama Watanzania wanakumbuka wapigania uhuru wa Namibia. Nikasema wanakumbuka, sana. (Nilimfikiria mdogo wangu, ambaye ukimuuliza kuhusu Namibia atakutajia timu yao ya taifa, kama siku hiyo ana kumbukumbu nzuri.) Alisema vijana wa siku hizi hawajui walikotoka, nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema jambo kuhusu Wazambia ambalo mimi, niliyetoka kula na kulala kwa Wazambia, nilipaswa kulipinga. Nikacheka kidogo. Mnakijua kile kicheko.

Nyuma, mama alikuwa akila karanga na kuangalia nje. Hakudaiwa maoni na mtu yeyote.

Barabara yenyewe, B8, ni ya ajabu kwa Mswahili anayejua kidogo ya kale. Ule ukanda mwembamba ambao kwenye ramani unaonekana umechomoza kutoka Namibia kuelekea mashariki ulipatikana kwa mkataba wa Julai 1, 1890. Wajerumani waliachia madai yao juu ya Zanzibar na Witu, kwenye pwani ya Kenya ya leo, Waingereza wakawapa kisiwa cha Heligoland na njia ya kufika Zambezi. Ukanda ukapewa jina la Caprivi, kansela wa Ujerumani wa wakati huo. Inasemwa sana kwamba Wajerumani walitarajia kuufuata mto hadi Bahari ya Hindi. Maporomoko ya Victoria yako kilomita kama 70 tu mbele ya ncha ya ukanda, na meli haishuki maporomoko. Mwaka 2013 serikali ya Namibia iliondoa jina la kansela kwenye mkoa, sasa unaitwa Zambezi.

Nilimweleza dereva: unaona, hata kipande hiki cha ardhi kilikatwa kwenye meza moja na Zanzibar. Alifurahi mno. Akapiga usukani. "Unaona! Tanzania ilishalipa mara mbili!"

Ikawa nimezidisha deni langu mwenyewe.

Baada ya Kongola tuliingia Hifadhi ya Bwabwata, ambako vibao vya tembo si mapambo. Kinyesi kilikuwa juu ya lami. Hapo mama aliongea kwa mara ya kwanza, akasema mwanzoni mwa miaka ya 2000, vita vya Angola vilipomwagikia upande huu, kutoka Kongola hadi Divundu magari yalikwenda kwa msafara wenye askari, kwa saa maalumu, na ukichelewa unalala. "Siku hizo," alisema, "hakuna aliyekimbia. Ulikwenda kwa mwendo wa gari la mbele."

Sasa ninapoandika naona alikuwa akimwambia mtu jambo. Wakati ule nilisikia simulizi tu.

## Ng'ombe wasio na uzio

Tulitoka Katima tumechelewa kwa sababu dereva alisubiri mtu wa nne ambaye hakuja. Divundu, kwenye daraja la mto Kavango, jua lilikuwa limeinama. Kutoka pale hadi Rundu ni kama kilomita 200, na ndicho kipande kinachotisha kuliko chote, ingawa hakina tembo.

Kinatisha kwa sababu watu wanaishi humo. Vijiji vinafuata barabara mkono wa kulia na wa kushoto, watoto wanatoka shule, mbuzi wanalala kwenye lami kwa sababu ya joto lake, na ng'ombe wanavuka watakavyo. Namibia ina mstari mrefu wa uzio unaokata nchi toka mashariki hadi magharibi. Chanzo chake ni ugonjwa wa ng'ombe wa sotoka wa miaka ya 1890, Wajerumani walipojaribu kuzuia ugonjwa usishuke kusini. Mpaka leo nyama mbichi ya kaskazini haivuki geti lake. Kusini ya mstari ni mashamba makubwa yenye seng'enge kilomita kwa kilomita. Kaskazini ni ardhi ya jumuiya, haina uzio, na ng'ombe ni akiba ya familia inayotembea kwa miguu yake.

Madereva wa huko wote wanajua: ukiona giza, punguza. Wanaokodi magari mara nyingi hukatazwa kuendesha usiku. Sheria yenyewe inaruhusu 120 mchana kweupe.

Sisi tulikuwa 140 machweo, na dereva anamwonyesha mkewe kwa simu Mtanzania aliyempakia.

Nilisema nini kichwani? Nilisema: ni gari lake. Nilisema: anaijua barabara. Nilisema: amenipakia bure, nitaanzaje. Hiyo ya tatu ndiyo ilikuwa ya kweli.

## Mama aliniuliza

Rundu tuliingia usiku, salama. Mama akashuka, akafungua kitambaa, akahesabu noti, akampa dereva, akasubiri chenji yake. Kijana naye akalipa. Mimi nilijaribu tena kutoa pesa na dereva akakunja uso kabisa, akaniambia nisimtukane baba yake. Akanikumbatia. Akanituma salamu Kongwa. Ni mtu mwema na ningependa mjue hivyo. Hakuna neno hata moja hapa linalokusudia kumpunguzia wema wake.

Akaenda kukagua tairi. Mama akanisogelea, ndoo yake mkononi.

"Yule ng'ombe ulimwona?"

"Nilimwona, Ma."

"Ukanyamaza."

Nikamshukuru, *ni itumezi hahulu*, Silozi yote niliyokuwa nayo. Akasema sawa, akaenda zake.

## Maelezo yaliyokataa kutosha

Jibu la kwanza nililojipa lilikuwa jepesi: aliyelipa ana sauti, asiyelipa hana. Nililipenda. Nilikaa nalo siku kadhaa, hata nikaanza kuandika makala haya kwa msimamo huo.

Ushahidi upo hata kwetu. Kwenye basi la mkoani dereva akikanyaga mafuta, abiria hawaoni haya: "Konda! Mwambie mwenzio tuna watoto!" LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wamefunga vifaa vya kufuatilia mwendo, ukipita kiwango king'ora kinalia, na wapo abiria wanaopiga namba iliyobandikwa. Lakini wapandishe watu wale wale kwenye gari la bosi, au landkruza la mradi lililomhurumia mwalimu kijijini mwisho wa mwezi. Gari linaruka mashimo, vichwa vinagonga paa, na kila mtu anasema, "Aisee, mzee uko vizuri." Mimi mwenyewe nimewahi kuteremshwa kilomita tano mbele ya nyumbani kwetu kwa sababu niliona vibaya kumwambia mheshimiwa asimame.

Hapo unaona, lifti ya bure ina nauli, ila inalipwa kwa kukubali.

Kisha jibu likaanza kuvuja.

Mama yule hakuwa amelipa tu. Alikuwa mtu mzima, alikuwa kwao, alikuwa na lugha ya dereva, na kwa umri angeweza kuwa dada yake mkubwa. Hata angepanda bure, nadhani angesema. Na kijana wa nyuma, aliyelipa nauli kamili na kunyang'anywa kiti, naye alinyamaza. Kwa nini nauli yake haikumfungua mdomo?

Tena kuna lori.

Kutoka Nakonde hadi Mpika nilipewa lifti na dereva wa Kitanzania, lori la makontena. Mlangoni lilikuwa na stika kubwa, HAKUNA LIFTI, na aliponipandisha alijua kwamba mwajiri wake akigundua hana kazi. Hakuchukua hata mia. Kwa mantiki yangu, humo ndimo nilipaswa kuwa bubu kabisa.

Wapi. Nilimsema njia nzima. Alipoanza kusinzia saa nane za usiku nilimpigia kelele, "Kaka, kushoto! Kaka, amka!", akajipiga kofi, akacheka, akanishukuru. Nilimkatalia asivuke lori jingine kwenye mlima. Hakukasirika hata kidogo, kwa sababu tangu dakika ya kwanza alinipa kazi. Nilikuwa utingo. Nilishika tochi akigonga matairi. Lilipoleta shida karibu na Isoka nilikata matawi nikayatandaza nyuma ili wanaokuja wajue kuna gari bovu. Nilinunua chai. Macho yangu yalikuwa sehemu ya uendeshaji wa lori lile.

Kwa hiyo pesa haikuwa kila kitu. Kwenye Hilux sikuwa abiria wala utingo. Nilikuwa mgeni, na mgeni kwa malezi yetu halaumu chumvi ya mchuzi. Wala sikuwa mgeni kwa jambo nililolifanya mimi. Nilikaa pale kwa niaba ya Kongwa, na mtu aliyekaa kwa niaba ya kitu kikubwa hivyo anaogopa kukiharibu. Ningesema "punguza mwendo" ingekuwa kama Tanzania nzima imemkosoa mtoto wa mpiganaji.

Najua mnavyocheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwenye kiti kile.

Bado sina hakika. Huenda ni uanaume tu: wanaume wawili mbele, hakuna anayetaka kuonekana anaogopa spidi. Mke wangu, nilipomsimulia, hakusubiri hata nimalize. "Mlikuwa mnajionyesha," alisema, akaenda kuzima jiko.

## Waliojaribu kuipanga

Nilipoanza kusoma nikakuta kuna nchi ziliwahi kuona lifti ni jambo la kutungiwa utaratibu. Poland, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, msafiri alinunua kijitabu cha kuponi. Ukipewa lifti unamkatia dereva kuponi za kilomita zako, na mwenye kuponi nyingi alishindania zawadi. Iliendelea hadi miaka ya 1990. Cuba, mafuta ya Kisovieti yalipokatika, waliweka wakaguzi wenye sare za njano barabarani. Gari la serikali lenye viti vitupu linasimamishwa, watu wanapanda kwa foleni, wanalipa kidogo.

Kuponi ile ya Poland imenikaa kichwani. Unampa mtu karatasi, ana kitu mkononi, mmemalizana. Hakuna anayelazimika kuzungumzia baba wa taifa.

Ingawa, nikiwa mkweli, ningekuwa na kuponi yule bwana angeirarua.

## Kombi ya kwenda Windhoek

Kutoka Rundu nilipanda kombi. Nililala nyumba ya wageni, nikaamka mapema, nikauliza bei, nikalipa mbele ya watu, nikachagua dirisha. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi.

Kwenye geti la Mururani askari wa mifugo walipanda, wakauliza nani ana nyama mbichi. Hakuna aliyekuwa nayo mpaka walipofungua begi la tatu. Baada ya pale nchi ikabadilika ghafla: seng'enge pande zote mbili, miti, geti la shamba, seng'enge tena, na hakuna mtu. Lami ikanyooka. Dereva naye akanyoosha mguu.

Nilisubiri mtu aseme. Kila mtu alikuwa na simu au usingizi. Mshale ukafika nilipopajua.

"Dereva," nikasema. "Spidi."

Akanitafuta kwenye kioo. "Wewe wa wapi?"

"Tanzania."

Nilidhani anakuja na Kongwa. "Huko mnakwenda ngapi?"

"Mabasi themanini. Ukizidisha, king'ora kinalia ndani ya gari."

Kombi nzima ikacheka, na mama mmoja akataka nirudie. Dereva akashuka hadi 120 huku akitikisa kichwa. Tulipoipita Otavi akapandisha tena, nami nikasema tena. Safari hii kilichonijibu ni kiti cha nyuma yangu: askari kijana, begi la kijani mapajani, ambaye kama asingefika kambini jioni ile angewekwa ndani. Aliniomba, kwa heshima zote, nimwache dereva afanye kazi yake.

Naye alikuwa amelipa nauli ile ile.